Mchele wa Ubaruku, Mji wa Mkwawa

Tulikwenda fungate tukiwa tayari na miezi 11 ya ndoa. Tulibeba begi moja la nguo, bahasha ya vyeti na mchele kilo 25.

Harusi yetu iliangukia katikati ya mavuno, na Ubaruku wakati wa mavuno hakuna anayekwenda popote. Mpunga ukikauka hausubiri maharusi. Kwa hiyo tulioana Jumamosi, na Jumatatu mume wangu alikuwa shambani akihesabu magunia. Fungate tukaliahirisha mpaka tupate sababu ya pili ya kusafiri, maana watu wa kipato chetu hawatoki mjini kwa sababu moja. Sababu ya pili ikaja Agosti, dirisha la maombi ya vyuo lilipofunguliwa. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari mwenye stashahada, na kwa miaka minne amekuwa akisema atakwenda kusoma shahada. Safari hii alisema anataka kukiona chuo kwa macho yake kabla ya kutuma maombi: Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa. Mchele ulikuwa wa shangazi yake anayeishi Kihesa. Kutoka Ubaruku kwenda kwa mtu mikono mitupu ni aibu.

Bahasha na mchele vilikuwa na uzito wake. Kulikuwa na mzigo mwingine ambao hatukuutaja, ule alioutupia bibi yangu siku ya posa.

Bibi mzaa mama ni Msangu wa Utengule. Washenga walipomaliza maneno yao aliuliza kijana ni kabila gani. Wakamjibu, Mhehe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hao si ndio waliotufukuza mpaka Usafwa?" Watu wote sebuleni wakacheka, wakidhani ni utani. Mimi nilikuwa nasikiliza nyuma ya pazia, na namjua bibi anapotania na asipotania. Alikuwa anauliza kweli. Alikuwa anazungumzia jambo la miaka ya 1870 kama mtu anayekumbusha deni.

Deni hilo ndilo tasnifu yangu. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na naandika juu ya Usangu na majirani zake katika karne ya kumi na tisa. Nilikuwa nimekwama sura ya pili kwa miezi mitatu, nimekwamia neno moja. Kila aliyesoma historia kidato cha tatu Tanzania analijua jedwali lile la safu mbili: upande mmoja viongozi waliopinga ukoloni, upande wa pili walioshirikiana nao. Mkwawa wa Wahehe yuko safu ya kwanza. Merere wa Wasangu yuko safu ya pili, pamoja na Marealle wa Marangu. Nakumbuka siku tulipolinakili ubaoni. Darasa zima liligeuka kututazama sisi Wasangu wanne kana kwamba tulikuwa tumeiba chaki.

Mume wangu anafundisha jedwali hilo kila mwaka.

Tuliondoka Alhamisi alfajiri. Kutoka Ubaruku mashamba yalikuwa yamebaki mashina ya mpunga na ng'ombe wanaookota masalia. Ukifika Rujewa, kisha Igawa, unaikuta barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na tambarare ya Usangu inabaki nyuma yako. Makambako baridi inaanza, Mafinga misonobari ya Sao Hill inasimama pande zote mbili za barabara, na abiria wanafunga madirisha bila kuambiwa. Tulishuka Ipogolo, chini ya mlima, tukapanda daladala kwenda mjini juu. Safari nzima haikuchukua hata siku.

Niliiwaza njia hiyo kwa miguu. Katikati ya karne ya kumi na tisa ilikuwa njia ya vita. Wasangu walikuwa taifa lenye nguvu, wenye ng'ombe na pembe za ndovu. Mbinu za kijeshi walikuwa wamejifunza kwa Wangoni waliopita nyanda hizo, na Wahehe wakajifunza nyingi ya mbinu hizo kwa Wasangu hao hao. Wanafunzi wakawazidi walimu. Chini ya Munyigumba, baba yake Mkwawa, Wahehe waliwasukuma Wasangu hadi watawala wao wakahamia Usafwa, upande wa Mbeya ya leo, wakajijengea ngome huko. Merere, jina ambalo watawala wa Usangu walirithishana, alibaki mfalme asiye na nchi yake. Mwaka 1877 konsuli wa Uingereza, James Frederic Elton, alifika mji wa Merere akajikuta amefungiwa ndani, Wahehe wakiwa wameuzingira. Aliponea chupuchupu, kisha akafa kwa ugonjwa Desemba mwaka huohuo kabla ya kufika pwani. Wakati huo hakukuwa na Mjerumani hata mmoja mwenye bendera katika nyanda hizo. Mkutano wa Berlin ulikuwa bado miaka saba.

Hayo ndiyo ambayo bibi anayakumbuka na jedwali halina.

Ijumaa asubuhi tulikwenda chuoni. Mume wangu alivaa shati lake la mitihani, na bahasha aliikumbatia kifuani. Tulielekezwa ofisi, tukapokewa vizuri, akaulizwa maswali ambayo alikuwa ameyajibu kichwani mwake mara mia: matokeo ya kidato cha sita, wastani wa stashahada, ruhusa ya mwajiri. Nilimsubiri nje kwenye benchi, nikawatazama wanafunzi wakipita na madaftari, wengi wao wadogo kwake kwa miaka minane au tisa.

Mahali hapo pana historia ambayo jina la getini linaificha. Mwishoni mwa enzi ya Waingereza palikuwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, iliyoitwa St. Michael's and St. George's. Elimu ya Tanganyika ilikuwa imegawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na bajeti yake. Baadhi ya watoto walioanzia Kongwa walimalizia hapa. Kongwa ndiko Waingereza walikojaribu kulima karanga kwa matrekta baada ya Vita Kuu ya Pili na kushindwa vibaya, na shule ya watoto wao huko ilipofungwa, wanafunzi walihamishiwa Iringa. Mfumo wa shule za rangi ulifutwa kuanzia Januari 1962. Baadaye shule ikapewa jina la Mkwawa, ikawa moja ya shule za kidato cha tano na sita zilizotajwa kwa heshima nchini. Mwaka 2005, sekondari mpya zilipokuwa zinajengwa kila kata na walimu hawatoshi, ikageuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Alipotoka ofisini alikuwa na karatasi ya ada. Tukakaa pamoja kwenye benchi tukaipiga hesabu kwa lugha yetu: magunia. Mwaka mmoja wa masomo, pamoja na chumba na chakula, ni karibu mavuno yetu yote ya msimu. Miaka mitatu ni mavuno matatu, na ndani yake hakuna mvua mbaya, hakuna mtoto, hakuna mgonjwa. Na nani atalima? Mimi nina sura nne za kuandika.

"Wewe unaonaje?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Nikamwambia tukale kwanza.

Sokoni Iringa, pale Soko Kuu, mama lishe alituwekea ugali mweupe uliochongwa vizuri, maharage mekundu, mboga ya majani, na samaki. Nilimuuliza samaki wametoka wapi. Akasema Mtera. Nikamwonyesha mume wangu yule perege kama mtu aliyepata ushahidi. Mto Ruaha Mkuu unaokusanya maji ya Usangu, maji yale yale yanayopita kwenye majaruba ya Ubaruku, unakutana na Ruaha Mdogo unaopita chini ya mji wa Iringa, na maji yote mawili yanaishia bwawa la Mtera. Samaki huyu ni wa kwetu na wa kwenu, nikamwambia. Akajibu kwamba Msangu akiona chakula lazima atafute undugu. Nikamrudishia utani ule ambao kila Mhehe ameusikia tangu shule ya msingi, kuhusu kitoweo chao. Mama lishe alicheka hadi akaegemea sufuria. Niliuliza ulanzi, nikaambiwa nimekosa msimu. Pombe hiyo ya mianzi hugemwa wakati wa mvua, nirudi Februari.

Baada ya chakula tulitembea hadi Boma, jengo la Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, kisha tukapanda jiwe la Gangilonga kutazama mji ukiwasha taa. Iringa hii ilianzishwa na Wajerumani baada ya kuivunja Iringa ya Mkwawa. Jina lenyewe linatokana na lilinga, yaani ngome. Ngome hiyo ilikuwa Kalenga, na huko ndiko tulikokwenda Jumamosi.

Kalenga ni kama kilomita 15 kutoka mjini, kandokando ya Ruaha Mdogo. Makumbusho ni ndogo, na chumba kizima kinaizunguka sanduku moja la kioo lenye fuvu. Habari zake kila Mtanzania anazijua kwa vipande. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliuangamiza msafara wa Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Miaka mitatu baadaye, 30 Oktoba 1894, Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaiteka Kalenga. Mkwawa akatoroka, akapigana porini kwa karibu miaka minne, na 19 Julai 1898 akajipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kikakatwa. Vita vya Kwanza vilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliiagiza Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa. Halikurudi mpaka 1954, Gavana Edward Twining alipolitoa katika makumbusho ya Bremen na kulikabidhi Kalenga kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Mume wangu alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu. Alikuwa amefundisha habari hii mara nyingi bila kufika. Mwongozaji wetu alisimulia vizuri, kwa sauti ya mtu anayesimulia msiba wa nyumbani, na katika saa nzima jina la Merere lilitajwa mara moja, kwamba naye alikuwa upande wa Wajerumani. Mume wangu hakunitazama. Nilijua kwamba anajizuia asinitazame.

Tulipotoka nje tukakaa chini ya mti. Alianza yeye.

"Samahani," akasema.

"Ya nini? Ni kweli. Wapiganaji wa Usangu waliandamana na Wajerumani."

Nikamweleza nilichokuwa nimeshindwa kukiandika. Miaka ya 1890 Merere hakuchagua kati ya Tanzania na Ujerumani. Hakukuwa na Tanzania. Alichokuwa nacho ni jirani aliyemfukuza nyumbani, watu wake waliokuwa ugenini kwa zaidi ya miaka 15, na mgeni mwenye bunduki aliyekuwa na adui huyo huyo. Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, aliwasaidia Wasangu kurudi tambarare yao. Kwa Wasangu wa wakati ule, hiyo ilikuwa siku ya kurudi nyumbani. Kwamba mgeni yule angebaki, angedai kodi na kazi za shokoa, na kwamba kiti cha mfalme kingekuwa kiti cha karani, hilo walilijua walipokuwa wamekwisha kurudi.

"Kwa hiyo hakuwa msaliti," akasema.

"Sijasema hivyo. Nasema alikosea kwa sababu zinazoeleweka. Na waliolipa kosa lake si yeye peke yake."

Kisha nikamwambia jambo la pili, ambalo nilikuwa nimelificha kwa sababu sikutaka kumuumiza kwenye fungate. Mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipowaka kusini, Wahehe hawakuinuka. Kulikuwa na Wahehe waliotoka Iringa kama wasaidizi wa jeshi la Wajerumani kwenda kupigana na waliopigania Maji Maji. Miaka 14 tu baada ya Lugalo. Wengine huenda walikuwa watoto wa watu waliokuwa Lugalo.

Alinyamaza. Mtoni kulikuwa na wanawake wanafua. "Hilo halimo kwenye silabasi," akasema mwishowe.

"Halimo."

"Na lenyewe lina sababu?"

Likiwa na sababu, zilikuwa zile zile. Taifa lililochinjwa, kaka wa Mkwawa, Mpangile, aliyesimikwa na Wajerumani Desemba 1896 na kunyongwa nao miezi michache tu baadaye, njaa ya miaka ya vita, na watu waliokwishaona gharama ya kupigana. Ukimhukumu Merere kwa jedwali, lazima uhukumu Iringa ya 1905 kwa jedwali hilo hilo. Ukiwaelewa hawa, huwezi kukataa kumwelewa yule. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta kwa miezi mitatu, na nilikuja kulisema kwa sauti Kalenga, kwa mtu mmoja, Mhehe, ambaye nalala naye kitanda kimoja.

Jioni tulikwenda Kihesa. Nilipiga goti mlangoni, "Shikamoo shangazi," na yeye akaitikia marahaba, kisha akaongeza kwa Kihehe, "Kamwene," akisubiri aone kama nitaitikia. Nikaitikia. Alifungua mfuko wa mchele, akachota kiganja, akaunusa kabla ya kusema lolote.

"Huu ni wa kwenu kweli. Wa dukani hauna harufu hii."

Ulikuwa supa, si saro. Saro ndiyo inayojaza magunia ya kuuza, lakini mkweni hupelekwi saro. Shangazi aliupika yeye mwenyewe, na kuku wa kienyeji, akikataa nisimame. Wakati wa kula akatueleza kwamba utotoni kwake wali ulikuwa chakula cha Krismasi. Siku nyingine zote ni ugali au makande. Kaka yake, baba mkwe wangu, alipopata kazi ya udereva wa trekta katika shamba la mpunga la Mbarali, alirudi likizo na gunia, na mtaa mzima ukajua kwamba Usangu kuna nchi ambako watu wanakula Krismasi kila siku.

Wali wenyewe si wa zamani hivyo Usangu. Wafalme waliogombana na Wahehe walikuwa watu wa ng'ombe. Kilimo cha mpunga wa mifereji kilishika wakati wa ukoloni, na Wabaluchi waliohamia Rujewa wanatajwa miongoni mwa waanzilishi wake. Kisha miaka ya 1970 shamba kubwa la Mbarali likajengwa kwa msaada wa China, likasimamiwa na shirika la umma, NAFCO, na watu wakashuka kutoka kila upande kutafuta kazi: Wabena, Wakinga, Wanyakyusa, Wahehe. Hivyo ndivyo Wahehe walivyoingia Usangu kwa mara ya pili. Safari hii walikuja na masanduku ya bati, wakapewa namba za kazi. Shamba lilibinafsishwa mwaka 2006, lakini watoto wao walikuwa wameshazaliwa pale. Mmoja wao alikaa nyuma yangu kwenye kanisa la Ubaruku na kuniazima kitabu cha nyimbo.

Shangazi alituuliza habari za chuo. Mume wangu akaeleza magunia. Shangazi akakatiza, "Mimi nina chumba. Atalala hapa." Akamgeukia mimi. "Wewe mkwe wangu ndiye wa kuulizwa. Utaachiwa shamba peke yako. Unaweza?"

Nilisema naweza. Nilikuwa nimelijibu swali hilo chini ya mti kule Kalenga bila kuulizwa. Mtu aliyeweza kusikia habari ya 1905 bila kukasirika anastahili kuwafundisha watoto wengi zaidi.

Jumapili tukarudi. Bibi nilimletea kikapu cha Iringa na samaki wakavu wa Mtera. Akaugeuza geuza mkono wa kikapu, akakubali kwamba Wahehe wanajua kusuka. Nikamweleza yote: fuvu, Merere, Usafwa, hata Maji Maji. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo na wao waliogopa," akasema.

"Waliogopa, bibi."

Akachukua samaki mmoja, akamnusa kama shangazi alivyonusa mchele, akamrudisha kikapuni. Kisha akauliza nani atasimamia maji ya jaruba mume wangu akiwa masomoni, maana mfereji wetu unapita kwenye mashamba ya watu wawili kabla ya kutufikia, na mmoja wao ana tabia ya kuufunga usiku.

Sura ya pili nimeimaliza. Neno nililokwamia nimelifuta, na mahali pake nimeandika aya tatu. Mume wangu alituma maombi wiki moja baada ya safari, na wakati tunasubiri majibu aliingia darasani kidato cha tatu, akachora jedwali lile ubaoni. Safari hii alichora safu tatu. Ya tatu aliipa kichwa: "Jirani yake alikuwa nani?" Aliniambia kwamba wanafunzi walilalamika, kwa sababu haimo kwenye mtihani. Kisha wakaanza kuijaza.